Domane AL 2 iliyotumika: kagua fremu kwanza, gia baadaye

Mkuu, umeuliza uchukue Trek Domane AL 2 iliyotumika uliyoiona hapa Dar, baiskeli ya barabarani ya alumini, au ujikaze uongeze hela upate ya alumini pia lakini yenye gia za Shimano 105. Mimi naendesha hiyo AL 2, wikiendi nyingi nipo nayo Barabara ya Bagamoyo, Tegeta hadi Bunju na kusonga mbele. Jibu langu: chukua AL 2, ila hela isitoke mfukoni kabla hujaikagua fremu.

Gia za AL 2 ni Claris, na wengi wakisikia jina hilo wanakunja uso, kwa kuwa ni miongoni mwa za chini kwenye ngazi ya gia za barabarani za Shimano: Claris gia 8 nyuma, Sora 9, Tiagra 10, 105 ni 11 au 12. Kwa anayeshindana nawaelewa. Kwa sisi wengine hizo 8 ndizo zinazotuokoa. Cheni yake ni ileile ya baiskeli za mlimani za gia 8, Kariakoo haikusumbui, na hata sproketi za nyuma za hizo za mlimani zinaingia. Ya gia 12 utaagiza, utasubiri, na bei utaisikia. Sproketi zake zina meno 50 na 34 mbele, 11 hadi 32 nyuma: vilima vya Pugu unapanda umekaa kitini.

Uzito ni kama kilo 10 na nusu, si nyepesi. Breki za diski za waya zinataka kukazwa kila pedi zinavyolika, usitegemee ulaini wa zile za mafuta. Na hii habari kwamba alumini inatetemesha mifupa, waulize hao wanaolalamika wamevaa tairi gani. Utakuta ni za milimita 25 zimejazwa upepo hadi zinalia kama ngoma. AL 2 inakuja na 32, mimi ninayekaribia kilo 75 naweka psi 60 hivi, na matuta ya lami yetu nayapita bila kulaani mtu.

Sasa fremu. Alumini haikupi taarifa kama chuma. Inachoka kimyakimya, na ikishapata ufa si kazi ya fundi wa mageti. Alumini kama ya 6061 ikishachomelewa kiwandani hupikwa upya kwenye tanuri ili ugumu urudi. Moto wa mtaani unaacha palipochomwa pakiwa laini. Kwa hiyo mwombe muuzaji aioshe, nenda mchana, na tochi ubebe. Angalia chini ya shingo, pale bomba kubwa linaloshuka linapoungana na bomba la usukani, kisha kuzunguka ekseli ya pedali. Mkwaruzo hukatiza popote. Ufa hufuata ukingo wa maungio, kama unywele mweusi ndani ya rangi. Ukiona hivyo, aga uondoke, hata akishusha bei nusu.

Rangi yenye vipele na unga mweupe chini yake ni kazi ya chumvi. Baiskeli za Kunduchi na Kigamboni nyingi zinayo. Kidogo si tatizo. Ila legeza boliti ya kiti, zungusha bomba lake, livute. Likigoma kabisa limeshikana na fremu, na kulitoa kunaweza kuiua fremu yenyewe. Likitoka, lipake grisi kabla hujarudisha.

Foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ni ya karboni: toa gurudumu la mbele, pitisha kidole ndani na nje ya miguu yote miwili. Halafu simama nyuma utazame kile kisikio cha alumini kinachoshika mkono wa gia, ule unaohamisha cheni nyuma. Kikiwa kimepinda, baiskeli imewahi kulala upande huo. Ni kitu cha bei ndogo, kimewekwa kipinde ili fremu ipone, lakini kila fremu ina cha kwake. Agiza viwili kabisa, maana kikikatika njiani hakuna fundi atakayekuchongea.

Cheni pima kwa rula: pini hadi pini, vipande 24 ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, cheni mpya iingie kwenye hesabu ya bei. Ikifika 1/8, na sproketi pia.

Hujasema urefu wako wala saizi iliyoandikwa kwenye fremu. Weka hivyo viwili hapa, pamoja na picha ya chini ya shingo, kabla hujampigia muuzaji.