Nimemlinganisha binti yangu na mdogo wake, sasa haniongeleshi

*Shangazi, nina binti wa miaka 9 na mvulana wa miaka 4. Wiki iliyopita jioni tulikuwa kwenye hesabu zake za shule, nimechoka, naye anarudia kosa lile lile. Nikamwambia, "Ungekuwa kama mdogo wako, ningepumzika." Hakulia. Alifunga daftari akaenda kulala. Tangu siku hiyo ni "ndiyo mama" na "hapana mama" tu. Kila usiku namwomba Mungu msamaha. Kanisani wakisoma Methali 31 nainamisha uso. Naogopa nimeshamharibu mtoto. Hivi kuna mama yeyote kwenye Biblia aliyeharibu kama mimi?*
*Mama Aliyeinamisha Uso*

Dada yangu,

Wapo, tena Biblia haikuwasitiri. Ila kabla hatujawafikia, kuna jambo katika barua yako limenishtua kuliko hata neno lenyewe. Mungu umemwomba msamaha kila usiku. Binti yako hujamwomba hata mara moja. Ukishika 1 Yohana 1:9 kama ilivyo, kwamba tukiungama dhambi zetu Mungu hutusamehe, basi alikusikia usiku ule wa kwanza. Anayesubiri bado ni yule aliyelala chumba cha pili.

Tuanze na Rebeka, mke wa Isaka na mama wa mapacha Esau na Yakobo, maana kosa lako na lake ni ndugu. Mwanzo 25:28 inasema wazi kwamba Isaka alimpenda Esau, naye Rebeka akampenda Yakobo. Watu wengi humtetea kwa ule unabii wa 25:23, kwamba mkubwa atamtumikia mdogo, kana kwamba Mungu akishasema neno basi mama ana ruhusa ya kulisukuma kwa hila. Soma sura ya 27 polepole uone anavyofanya ili Yakobo apate kwa baba yake baraka iliyokuwa ya Esau. Anaagiza wana-mbuzi wawili, anapika mwenyewe, anamvika Yakobo nguo za kaka yake, anamfunika mikono na shingo kwa ngozi. Yakobo anapoogopa kulaaniwa, Rebeka anajibu kwamba laana hiyo na iwe juu yake. Huyo si mama asiyejali. Ni mama anayependa sana, upande mmoja.

Esau alipoapa kumwua ndugu yake, Rebeka akamtuma Yakobo kwa mjomba wake Labani akakae "siku chache". Siku chache hizo zikawa miaka 20: kumi na minne kwa ajili ya wake zake, sita kwa ajili ya mifugo (31:41). Hakuna mstari unaosema mama na mwana walionana tena. Yakobo naye, aliyekulia katika nyumba iliyogawanyika, akaja kumpenda mwanawe Yusufu kuliko wenzake, na 37:4 inasema ndugu zake hawakuweza kusema naye kwa amani. Kimya cha mezani kwako kina historia ndefu.

Sijakuandikia haya nikutishe. Nimeandika kwa sababu wahubiri wengi wakitaka kuwatia moyo akina mama husema "hata Rebeka alikosea, na Mungu akamtumia", wakafunga Biblia hapo. Faraja iliyomo ni nzito kuliko hiyo. Angalia sura ya 28. Yakobo yuko njiani anakimbia, jiwe ndilo mto wake, na yuko pale kwa sababu ya mpango wa mama yake. Hapo ndipo anapoota ngazi, na hapo ndipo Mungu anapomwahidi kuwa pamoja naye kila aendako. Kosa la mama lilimpeleka mtoto mbali na nyumbani, lakini halikumpeleka mahali ambapo Mungu hafiki. Ukilala na hofu kwamba "nimeshamharibu", jisomee Mwanzo 28:10-15.

Sasa mtazame Hajiri, mjakazi aliyemzalia Abrahamu Ishmaeli, Mwanzo 21:14-20. Huyu hakutenda hila. Alifukuzwa, akapewa mkate na kiriba cha maji, akapotea nyikani. Maji yalipokwisha alimlaza mwanawe chini ya kijiti, akaenda kukaa mbali, kadiri ya mtupo wa mshale, asimwone akifa. Ishmaeli hakuwa mtoto mchanga. Ukihesabu miaka ya Abrahamu (16:16 na 21:5), kijana alikuwa amepita miaka 14. Alijua kabisa kwamba mama yake amemwacha na kwenda kukaa pembeni.

Wengi hukimbilia kile kisima, wakaruka kilichotangulia. Hajiri anaambiwa kwanza ainuke, akamwinue kijana, amshike mkono. Baada ya hapo ndipo macho yake yanafunguliwa akaona maji. Akajaza kiriba, akamnywesha mwanawe. Haelezwi kwamba yeye ni mama mbaya, wala hapewi hotuba ya kumsafisha. Anaambiwa avuke ule umbali wa mtupo wa mshale. Nawe una umbali wa kuvuka, nao ni wa kutoka chumba chako hadi chake.

Jinsi ya kuuvuka. Usisubiri Jumapili wala siku ambayo moyo utakuwa tayari. Chagua wakati ambapo nyote wawili mmeshiba na mdogo hayupo karibu. Watoto wengi wa umri wake husema kwa urahisi zaidi mikono ikiwa na kazi, kwa hiyo mnaweza kuwa mnakunja nguo au kukausha vyombo. Kaa, usisimame juu yake. Kisha sema sentensi chache, nne zinatosha:

"Siku ile ya hesabu nilikulinganisha na mdogo wako. Lilikuwa neno baya, tena si la kweli. Kosa ni langu, si lako. Nisamehe."

Halafu nyamaza. Hapa ndipo akina mama wengi huharibu, na karibu wote huharibu kwa kuongeza. Ukiongeza "lakini na wewe ulikuwa husikilizi", umemrudishia kosa mikononi. Ukieleza sana jinsi ulivyochoka, unamwomba akuhurumie. Ukilia mpaka yeye ndiye anayekufuta machozi, umemfanya mama. Ukiuliza "umenisamehe?" ukamkazia macho, atasema ndiyo kwa sababu hana jibu jingine. Zawadi nayo isije siku hiyo hiyo, maana atajifunza kwamba neno lina bei. Akiinua mabega tu, au akisema "sawa" na kuendelea na kazi yake, si kwamba umeshindwa. Mtoto hupima msamaha kwa wiki zinazofuata, anaangalia kama utarudia.

Na utajaribiwa kurudia, kwa hiyo tuijue saa yenyewe. Chukua karatasi, kwa siku saba andika kila unapopaza sauti: saa ngapi, nani alikuwa na njaa, usiku uliopita ulilala kiasi gani, mlikuwa mnafanya nini. Usijihukumu kwenye karatasi hiyo, andika tu. Nakisia saa fulani itajirudia, na barua yako tayari inainong'ona: jioni, wote wamechoka, daftari mezani. Basi badilisha mpangilio kabla hujajilaumu kwa tabia. Mle kwanza, hesabu baadaye. Dakika 20, mapumziko, kisha 20 nyingine. Swali likigoma mara tatu, weka alama, mwalimu atalieleza kesho. Ukisikia joto linapanda, sema kwa sauti, "Nimeanza kukasirika, narudi baada ya dakika tano," hakikisha wote wako salama, toka, kisha urudi kweli zikitimia. Usiporudi, kwa mtoto hiyo ni adhabu, wala hatatofautisha na kuachwa.

Kuhusu kulinganisha, futa hata kule kunakoonekana kuzuri. "Wewe ndiye mwenye akili, mdogo wako ndiye mpole" inamwambia mmoja kwamba upole si wake, na mwingine kwamba akili si yake. Mpe binti dakika 10 za peke yake, mara tatu kwa wiki. Yeye achague mnachofanya, simu ibaki kwingine, na usizitumie dakika hizo kufundisha chochote. Naam, hata kama amechagua mchezo unaokuchosha.

Methali 31 sasa, maana inaonekana inakuonea. Mstari wa 1 unasema ni maneno ambayo mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake. Kuanzia mstari wa 10 hadi 31 ni shairi la beti 22 la kumsifu mke mwema, na katika Kiebrania kila ubeti unaanza na herufi inayofuata ya alfabeti, ambayo ina herufi 22. Ni sifa zilizopangwa kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, zikikusanya maisha mazima ya mtu mahali pamoja. Si ratiba ya Jumanne. Mstari wa 15 unataja wajakazi wake, jambo ambalo mahubiri mengi hulipita kimya. Na watoto wanaoinuka na kumwita heri katika mstari wa 28 hawajatajwa umri. Mimi nawasoma kuwa watu wazima, waliokwisha kupima mambo. Inua uso wakisoma.

Kuna mwingine ningependa umsome peke yako, Lea, mke wa Yakobo, Mwanzo 29:31-35. Hakupendwa na mumewe, na majina ya wanawe watatu wa kwanza aliyajaza uchungu wa ndoa yake. Wa nne akamwita Yuda, akasema safari hii atamsifu Bwana. Watoto hubeba tunayowapachika. Lakini ona kwamba Lea aliweza kubadilisha maneno yake akiwa bado katika nyumba ile ile, na mume yule yule.

Tahadhari mbili. Usilipeleke jambo hili kwenye kikundi cha maombi kama ushuhuda. Kosa ni lako, lakini aibu iliyomo ni ya binti yako pia, na akilisikia kwa mtoto wa mwenzako utakuwa na jeraha la pili la kutibu. Mwambie mtu mmoja anayetunza siri. Ya pili ni kuhusu uchovu wako. Nabii Eliya alipotamani kufa (1 Wafalme 19), malaika alimpa mkate na maji, akalala, akapewa tena, na maswali yakaja baadaye. Kama huzuni imekukalia karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, kama hupati usingizi hata watoto wakiwa wamelala, au kama mkono umeanza kufuata mdomo, nenda ukamwone daktari au mshauri. Ukipata wazo la kujidhuru au kuwadhuru watoto, usingoje kesho. Mwambie mtu mzima unayemwamini saa hiyo hiyo, watoto wawe naye, nawe upelekwe hospitali. Kwenda huko hakupunguzi imani yako.

Ukishamwomba msamaha, siku kadhaa zitapita kwa "ndiyo mama" na "hapana mama". Usizisukume. Siku moja atakuuliza kitu kidogo kabisa, labda penseli iko wapi. Weka chini ulichoshika, umgeukie, umjibu.

Shangazi