Sebule Yetu Ilikuwa Laini Mno

Mama alipokuja kututembelea mara ya kwanza baada ya kuhamia Isamilo, mtaa wa mlimani hapa Mwanza, aliniita kutoka sebuleni nikiwa jikoni. Nilipofika nilimkuta amesimama katikati ya chumba, mkoba bado uko begani. "Mwanangu, humu sauti inarudi," akasema. "Nimekuita mara moja, nimejisikia mara mbili." Akatoka barazani, akakaa kwenye kigoda, mgongo kwenye lile jiwe kubwa la mlima lililo hapo barazani. Siku zote nne alizokuwa kwetu, hapo ndipo palikuwa pake.

Iliniuma, maana ile sebule tuliigharamia. Vigae vyeupe vya kung'aa, dari ya jipsamu, kuta zimelainishwa kwa skimu na kupakwa rangi ya silki inayong'aa, makochi ya ngozi bandia, meza ya kioo, mapazia mepesi ya kuteleza. Kila kitu ukikitazama peke yake ni kizuri. Lakini pitisha kiganja ukutani, kisha mezani, kisha kwenye kochi: baridi na utelezi, baridi na utelezi. Mkono haukutani na jambo jipya. Sauti nayo haikuwa na pa kutua, kwa sababu vitu vigumu na vya kuteleza huirudisha, wakati nguo nzito, mikeka na pamba huimeza. Ikifika saa kumi, jua limeinamia upande wa ziwa, mwanga ulikuwa ukiruka kutoka kwenye kigae hadi kwenye kioo mpaka tunafunga mapazia mchana.

Nilidhani tatizo ni rangi. Nikanunua mito ya rangi ya machungwa, picha kubwa, maua ya plastiki. Chumba kikajaa, na bado hakuna aliyetaka kukaa humo.

Kilichonifumbua macho ni Bujora, pale Kisesa, nilipowapeleka watoto kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Tulisimama kwenye nyumba ya asili na nikashangaa kwamba sitaki kutoka. Rangi ni kama moja tu, kahawia inayopanda na kushuka. Ila udongo una mguso wake, fito zina wao, nyasi za paa zina wao, na kibuyu ni laini kama shavu. Jicho linazunguka bila kuchoka. Wabunifu wa nyumba huita jambo hili teksicha. Mimi naliita mguso, kwa sababu hata ukitazama kwa mbali, mkono wako unajua kitu kile kikoje.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja: punguza rangi, ongeza miguso.

Kwetu nilianza na jiwe. Anayeijua Mwanza anajua milima yetu ni mawe matupu, na nyumba nyingi za huku juu zimejengwa kwa kuyaegemea. Jiwe la barazani kwetu linaendelea hadi kona ya sebule, ila wakati wa ujenzi fundi alilifunika kwa lipu ili ukuta unyooke. Kila msimu wa mvua maji yalikuwa yakiteremka na jiwe, yanapenya nyuma ya lipu, rangi inavimba na kumenyuka. Tunapaka, inamenyuka tena. Mwaka wa tatu nikamwambia fundi mwingine abandue lipu yote. Akanitazama sana. "Mama, wenzako wanaficha jiwe, wewe unalifukua?"

Nikamwambia fukua.

Kwanza tulichimba mfereji nje, upande wa mlimani, ili maji yapite pembeni. Usiruke hatua hii, maana jiwe lililo wazi ndani ya nyumba inayovuja ni balaa tupu. Kisha tindo na nyundo siku mbili, vumbi hadi kwenye vikombe, halafu brashi ya waya na maji. Lipu ya mwisho ilipoanguka niliweka kiganja juu ya jiwe. Linakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Ukisogea karibu unaona punje za kijivu, nyeupe na nyeusi zimeshikana, na katikati yake vimeremeta vidogo vinavyowaka na kuzimika ukigeuza kichwa. Muda wote ule tulikuwa tumeufunika uzuri huu, tukaenda kununua picha za kutundika juu yake.

Fundi alitaka kulipaka vanishi ling'ae. Alipaka sehemu kama sinia, nikamsimamisha. Jiwe lilionekana limelowa, kama plastiki. Kama unalo, liache kavu.

Taa ndiyo iliyokamilisha kazi. Balbu ya darini inamwaga mwanga sawasawa, na jiwe linakuwa bapa kama picha. Nikaweka taa ndogo ya mwanga wa njano sakafuni, karibu kabisa na jiwe, ili mwanga upande kutoka chini. Kila kibonde kikapata kivuli chake. Ujanja huu unafaa kwa chochote chenye mikunjo au mikwaruzo, iwe ukuta wa tofali, mkeka uliotundikwa au pazia nene: mwanga wa pembeni hukifanya kisimame, mwanga wa juu hukilaza.

Kuta nyingine niliziacha laini, ila rangi ya silki ikaondoka, tukapaka isiyong'aa. Laini inahitajika. Jiwe limekuwa jiwe kweli kwa sababu ukuta wa pembeni yake umetulia. Ukiweka mikwaruzo kila upande, chumba kinakuwa pango. Meza ya kioo tuliibadilisha na ya mninga, imesuguliwa kwa msasa na kupakwa mafuta, mistari ya mti unaisikia kwa kidole. Sakafuni mkeka, na kwenye kochi shuka la pamba nene, maana ngozi bandia kwenye joto la Februari inagandana na mapaja. Madirishani nikaweka marekani, ile nguo ya pamba isiyopaushwa, niliyoinunua Makoroboi kwa bei ndogo kuliko mapazia ya kwanza. Huku Usukumani tumekua na pamba mashambani, halafu madirishani tunatundika nailoni.

Mama alikuja tena. Hakusema neno kuhusu sauti. Alivua viatu, akanyoosha miguu kwenye mkeka, akauegemeza mgongo kwenye jiwe, safari hii upande wa ndani.

Yapo niliyokosea, na mengine yanatokana na kuishi kando ya ziwa. Zulia la manyoya marefu usilete kama barabara yako bado ni ya vumbi. Letu lilihifadhi vumbi la mtaa mzima, mtoto akakohoa hadi nikalitoa. Mkeka wa mafunjo ni mzuri mno kwa harufu na kwa mguso, ila nilitandika mmoja chini ya dirisha, mvua ikaingia, ukaota ukungu kabla sijagundua. Sasa naanika juani kila wiki wakati wa mvua. Na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi hufuata taa. Ukuta wa nje wenye taa tuliupiga lipu ya kurushia ili uwe na mikwaruzo, wadudu wakanasa na kufia humo kwa maelfu, na hakuna fagio linaloingia kwenye vile vishimo. Penye taa ya nje, weka ukuta laini unaooshika. Jikoni karibu na jiko vilevile, mafuta hayatoki kwenye mikwaruzo.

Kama umepanga na mwenye nyumba hataki hata msumari, anza na pazia. Pazia nene la pamba linameza sauti, linapooza jua, na linakupa mikunjo ya kutazama, yote kwa mkupuo mmoja. Mkeka ufuate, kisha kapu kubwa la kusukwa kwenye kona, na taa chini pembeni yake. Ila marekani iloweke maji usiku kucha na uianike kabla fundi cherehani hajaigusa mkasi, maana hurudi ikifuliwa na kuwa fupi. Mapazia yangu ya kwanza ya marekani yalipofuliwa yalipanda vidole vinne kutoka sakafuni, ikabidi nishonee pindo la kitenge.