Zinki ya kujichanganyia nyumbani kwa nywele zinazonyonyoka: vipimo sahihi na mahali watu wanapokosea

Wakuu, swali lilikuwa hivi: vile vidonge vya zinki wanavyopewa watoto wanaoharisha pamoja na ORS, mtu akivisaga na kuvipaka kichwani, nywele zitaacha kunyonyoka? Kuchanganya inawezekana. Ila vipimo vinavyozunguka, kama "kijiko cha zinki kwenye mafuta ya nazi", vingi haviwezi kufanya kazi, na vingine vinachoma ngozi.

Zinki si kitu kimoja. Inayoyeyuka vizuri kwenye maji ni zinki salfeti. Zinki oksaidi, ule unga mweupe ulio kwenye kalamaini na krimu za upele wa nepi, haiyeyuki kwenye maji wala kwenye mafuta. Ukiitia kwenye mafuta ya nazi umetengeneza rangi nyeupe tu. Zinki kloridi isiguse kichwa kabisa, inaunguza. Na zinki salfeti ya mbolea, hata ikiwa bei poa, iacheni shambani: haikusafishwa kwa ajili ya ngozi ya mtu na inaweza kuwa na metali zenye sumu, kadimiamu na risasi.

Salfeti yenyewe ina sura mbili, na hapa ndipo hesabu za wengi zinapoharibika. Yenye molekuli saba za maji (heptahaidreti) ina zinki halisi takriban asilimia 23. Yenye molekuli moja (monohaidreti) ina takriban asilimia 36. Kwa hiyo pale panapohitajika gramu 1 ya heptahaidreti, monohaidreti ni gramu 0.6 tu. Soma lebo kabla ya kupima, na upime kwa mizani ndogo ya kidijitali inayosoma desimali. Kijiko cha chai hubeba gramu kadhaa, na huo ndio mwanzo wa vichwa kuwaka moto.

Lenga asilimia 1, yaani gramu 1 ya heptahaidreti kwenye mililita 100 za maji, na usivuke hapo. Kwa vidonge: kimoja cha kawaida kina miligramu 20 za zinki halisi, hivyo vidonge 10 kwenye mililita 100 vinakupa nguvu ya karibu asilimia 0.9. Inatosha. Tatizo la vidonge ni wanga, utamu na ladha vilivyochanganywa humo ili mtoto avimeze. Vinanata kichwani na kufanya maji yaharibike haraka. Tafadhali nunua vya kwako. Mtoto anayeharisha anatakiwa kumaliza dozi yake ya siku 10 hadi 14, asipunguziwe hata kimoja kwa ajili ya nywele za mtu mzima.

Chemsha maji yaliyosafishwa, ya chupa au ya mvua iliyochujwa, yaache yapoe hadi vuguvugu. Tumia chombo cha kioo au plastiki. Sufuria ya alumini hapana, kwa sababu salfeti inaila na zinki yako inaishia kwenye sufuria. Koroga dakika mbili tatu. Kama ni vidonge, acha mashapo yatuame nusu saa, kisha chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne. Weka kwenye chupa iliyochemshwa, andika tarehe, hifadhi kwenye friji, na baada ya siku 7 mwaga. Haina kihifadhi chochote ndani.

Maji yakiwa meupe kama ya chokaa, zinki imeganda na kutoka kwenye maji. Mara nyingi ni maji ya kisima yenye madini mengi, au mtu ameongeza magadi au baking soda "kupunguza ukali". Hapo unapata zinki kabonati isiyoyeyuka. Ukiongeza spiriti nyingi ili ikauke haraka, salfeti inajitenga na kutua chini, maana haipendi spiriti. Kwa sababu hiyo hiyo usiimimine ndani ya chupa ya minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ambayo kwa kawaida huwa na spiriti. Sabuni nayo inashikana na zinki na kufanya utando mweupe, kwa hiyo suuza shampuu mpaka iishe kabla ya kupaka. Ndimu usitie: juisi yake ikikutana na jua kwenye ngozi inaleta malengelenge.

Jaribu kwanza nyuma ya sikio kwa saa 48. Pasipowasha, chukua mililita 2 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, gawa nywele mistari, weka tone tone kwenye ngozi, si kwenye nywele. Mara moja kwa siku, kabla ya mafuta. Baada ya nusu saa suuza. Ikibaki inakauka na kuacha unga unaofanana na mba, na nywele za kipilipili zinakauka na kukatika. Ikiingia machoni inaumiza vibaya. Osha kwa maji mengi papo hapo kisha nenda hospitali. Penye kidonda, au ngozi iliyoungua na dawa ya kulainisha nywele, usipake.

Sasa, utegemee nini? Jaribio la mwaka 1988 ambalo mapishi haya huliegemea lilifanyika maabara: zinki, hasa pamoja na vitamini B6 na asidi azelaiki (dawa ya chunusi), ilizuia kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa DHT, homoni inayodhoofisha vinyweleo na kuleta upara. Ilikuwa ngozi ya maabara, si vichwa vya watu. Jaribio la mwaka 2003 lilitumia wanaume 200 wenye upara kwa miezi 6, lakini kwa shampuu ya zinki pairithioni asilimia 1, ambayo si salfeti. Nywele ziliongezeka kidogo, chini ya nusu ya zilivyoongezeka kwa minoksidili ya asilimia 5. Kwa maoni yangu, zinki ya nyumbani ni msaidizi dhaifu kwa mtu mwenye mafuta mengi kichwani. Si mbadala wa minoksidili.

Na kuna unyonyokaji usiohusiana nayo hata kidogo. Nywele zinazorudi nyuma kwenye paji na juu ya masikio kwa sababu ya rasta na wiving za kubana zinahitaji kufumuliwa na kulegezwa, mapema, kabla ngozi haijawa laini na kung'aa. Ikifika hapo vinyweleo vimekufa. Mapunye ya watoto yanahitaji dawa ya kumeza, griseofulvini au tabinafini kwa kipimo cha daktari, kwa sababu fangasi wako ndani ya unywele ambako maji ya zinki hayafiki. Mama aliyejifungua na nywele zikaanza kutoka miezi mitatu baadaye, kwa kawaida zinarudi zenyewe.

Mwenye upungufu wa kweli wa zinki hatibiwi kwa kupaka. Huyo anatibiwa kwa kumeza na kula: nyama, dagaa, mbegu za maboga, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha, kwani kuloweka kunapunguza faiteti inayozuia zinki isiingie mwilini. Mtu mzima asizidishe miligramu 40 kwa siku bila daktari. Ikizidi kwa muda mrefu inapunguza shaba mwilini na kuleta upungufu wa damu.

Piga picha ya utosi leo, mahali pamoja na mwanga uleule, urudie kila mwezi. Picha ya mwezi wa nne isipokuwa tofauti na ya kwanza, acha.