Mbwa mwitu wa Tsavo atamvamia mgeni?

SWALI: Salaam aleikum mhariri, mimi natembeza wageni hapa Malindi, twaingia Tsavo Mashariki kwa geti la Sala. Juzi mgeni kaniuliza mbwa mwitu wakitokea itakuaje maana amesoma huko Australia mbwa wanauma watalii, nikakosa jibu.
– Msomaji, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hao ni wanyama wawili tofauti. Wa Australia anaitwa dingo, na pale kisiwa cha K'gari (zamani Fraser) mwaka 2001 waliua mtoto wa miaka 9, na shida kubwa ya kule ni watu kuwazoesha chakula, mnyama akishazoea hakuogopi tena, anakufuata mpaka hemani. Ndio maana marenja wa kule wanasema usimlishe, mtoto awe karibu yako, na akija usikimbie, simama wima umtazame huku unarudi nyuma polepole.

Mbwa mwitu wetu, yule wa madoadoa na masikio ya duara, kushambulia mtu ni nadra sana, na kumuona kwenyewe ni bahati. Wewe hakikisha tu mgeni hashuki garini ovyo, hata akikupa tipu nono.

Mimi naogopa zaidi mbwa koko wa bichi! Akimuuma mtu osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo akachomwe sindano za kichaa cha mbwa, hata kama ni mchubuko tu.