Darubini ikitazama utosini, kamera inashuka yenyewe

SWALI: Shikamoo Fundi. Nafundisha fizikia katika sekondari moja mkoani Singida. Tuna darubini ya lenzi ya milimita 102. Kwa kutazama kwa macho haina shida, lakini tukifunga kamera kupiga picha sayari ya Mshtarii, picha inakaa safi kidogo tu, kisha inaingia ukungu. Nikizungusha nobu ya fokasi inazunguka bure, bomba halipandi. Jirani yangu fundi cherehani alinipa mafuta yake, nikatia matone mawili, ikawa balaa zaidi. Chini kuna skrubu mbili. Nikaze ipi?
Mwalimu, Singida

JIBU: Marahaba, mwalimu. Skrubu zisubiri, tuanze na hayo mafuta.

Toa kamera, laza darubini, vuta nje lile bomba dogo linalobeba kamera, kisha mulika tochi upande wake wa chini. Ukikuta meno kama ya msumeno, niandikie tena, maana dawa yake ni nyingine. Ukikuta ubapa laini unaong'aa, hiyo ni aina ya Crayford, na kwa maelezo yako nina hakika ndiyo hiyo. Ilibuniwa na Mwingereza John Wall, na jina imelipata kwenye klabu yake ya wapenda nyota kule Crayford. Haina jino hata moja. Shafti nyembamba ya chuma inaukandamiza ule ubapa, na upande wa pili beringi nne zinalishika bomba. Kinacholipandisha ni msuguano peke yake. Wewe ni mtu wa fizikia, sina haja ya kukueleza mafuta ya cherehani yamefanya nini hapo.

Na Singida mnaonewa zaidi. Mko kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo sayari zinapita juu sana, nyakati nyingine karibu na utosi kabisa. Darubini ikisimama wima, uzito wote wa kamera unaning'inia kwenye ile shafti. Mwenzako wa London hapati adha hiyo, kwake Mshtarii haifiki utosini kamwe.

Sasa kazi. Legeza skrubu zote mbili, chomoa bomba taratibu (likigoma, tafuta kiskrubu kidogo cha kulizuia lisitoke). Nunua duka la dawa ile spiriti ya kusafishia ngozi kabla ya sindano. Lowesha kitambaa cha pamba, futa ubapa, geuza upande mkavu, futa tena mpaka kitambaa kitoke cheupe. Shafti nayo hivyo hivyo, huku ukiizungusha kwa nobu. Beringi usizimwagie spiriti, zina grisi yake ndani na inatakiwa ibaki humo. Lenzi kubwa ya mbele usiiguse kabisa.

Rudisha bomba. Kuhusu zile skrubu, moja ni ya mkazo, nyingine ni ya kufunga. Utazitambua hivi: kaza moja huku unazungusha nobu. Ikifanya nobu iwe nzito polepole, ni ya mkazo. Ikilikamata bomba likagoma kabisa, ni ya kufunga. Ya mkazo ikaze robo mzunguko, jaribu, kisha robo nyingine. Mara nyingi inataka alenki ndogo (ufunguo wa pembe sita). Usiikaze kwa hasira, bomba ni la alumini na shafti ya chuma italichimba mfereji. Mfereji huo hausafishiki kwa spiriti.

Jaribu mchana, kwenye godoro: simamisha darubini wima, funga nyuma chupa ya maji ya nusu lita badala ya kamera, halafu upandishe na kushusha. Bomba likifuata nobu bila kusitasita, umemaliza. Skrubu ya kufunga ikaze usiku, picha ikishakuwa safi, na uitazame picha tena baada ya kukaza kwa sababu huwa inasogea kidogo.

Msimu wa upepo na vumbi, rudia kufuta ubapa. Kwa spiriti tu.