Maswali ya wasomaji: Nyongeza tunapata sote, ada ninalipa peke yangu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa ghala na huu ni mwaka wangu wa nne kazini. Kila mwezi hati yangu ya mshahara huonyesha makato ya ada ya chama cha wafanyakazi. Mwenzangu ambaye tunakaa meza moja hakujiunga na chama, na nyongeza ya mshahara ilipokuja tulipata sawasawa. Hatujawahi kugoma hata siku moja. Je, nikijitoa nitapoteza nini?

JIBU: Ukijitoa mwezi ujao, huenda usipoteze kitu, na mwenzako analijua hilo vizuri. Nyongeza mliyoipata ilitokana na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, na kwa kawaida mkataba wa namna hiyo humbana mwajiri kwa wafanyakazi wote wa kada husika, wawe wanachama au wasiwe. Tatizo huja mkataba unapomalizika muda wake. Mwajiri anapoitwa mezani upya, jambo la kwanza analotaka kulijua ni idadi ya wanachama, kwa sababu katika nchi kadhaa chama hakina haki ya kujadiliana kwa niaba ya wafanyakazi mpaka kiwe na wanachama zaidi ya nusu yao. Makarani kumi wakifikiri kama mwenzako, hesabu inaweza kuharibika kimyakimya bila mtu yeyote kukusudia. Baadhi ya nchi zimeliona hilo zikaruhusu ada ya uwakala, yaani makato kwa asiye mwanachama anayenufaika na mkataba. Nyingine zimeipiga marufuku kwa hoja kwamba hakuna anayepaswa kulipia chama asichokichagua. Mimi naona hoja zote mbili zina uzito, ingawa aliyekaa mezani usiku kucha akijadiliana hawezi kuziona hivyo.

Umesema hamjawahi kugoma, kana kwamba kazi ya ada ni mgomo. Ada ina kazi nyingine zaidi ya mgomo. Vyama vya mwanzo vya mafundi nchini Uingereza, katika karne ya 18, vingi vilifanya kazi kama vyama vya kufa na kuzikana: kila mtu alitia senti zake kwenye sanduku, na kutoka humo akauguzwa, akazikwa, au akasaidiwa siku za kukosa kazi. Ni sanduku hilo lililowatia waajiri wasiwasi, kwa kuwa fundi mwenye akiba ya wiki mbili anaweza kukataa ujira mbovu. Sheria za mwaka 1799 na 1800 zikakataza wafanyakazi kuungana ili kudai ujira, na hazikufutwa hadi mwaka 1824.

Hata baada ya hapo, kuungana kulibaki hatari. Mwaka 1833, katika kijiji cha Tolpuddle, vibarua sita wa mashambani ambao ujira wao ulikuwa umeshushwa hadi shilingi 7 kwa wiki, kukiwa na tishio la kushushwa tena hadi 6, walianzisha chama chao. Kwa kuwa chama chenyewe hakikuwa tena kosa, mashtaka yalitafutwa kwingine: walikuwa wamekula kiapo cha siri. Mwaka 1834 wakahukumiwa miaka 7 ya kupelekwa uhamishoni Australia. Kelele za umma, pamoja na maandamano makubwa mjini London, zilifanya wasamehewe mwaka 1836.

Mfano unaoligusa swali lako zaidi ni wa bandari ya London mwaka 1889. Makuli wa huko walikuwa vibarua wa kuokotwa: asubuhi walisongamana langoni, msimamizi akanyoosha kidole kwa wachache, waliobaki wakarudi nyumbani mikono mitupu. Walipogoma wakidai peni 6 kwa saa, wengi hawakuwa na akiba hata ya siku tatu, na njaa ilikaribia kuwarudisha kazini. Waliokolewa na michango, hasa zaidi ya pauni 30,000 kutoka Australia, nyingi zikikusanywa na wafanyakazi wenzao. Baada ya takriban wiki tano walizipata peni zao 6. Makato yako ya kila mwezi ni michango ya aina hiyo, ila yenu inakusanywa kabla ya njaa.

SWALI: Siku hizi kuna sheria za kazi na wakaguzi wa serikali. Je, vyama havijapitwa na wakati?

JIBU: Tarehe 25 Machi 1911, moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York, kilichokuwa kwenye ghorofa za juu za jengo refu. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya 6, na mlango mmoja wa ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Sasa angalia: sheria ya jimbo hilo ilikuwa tayari imekataza kufunga milango ya kiwanda saa za kazi. Kilichokosekana ni mtu aliyesimama pale kila siku, aliyeuona mlango, na aliyeweza kusema "fungueni" bila kufukuzwa. Wafanyakazi wa kiwanda hicho walikuwa wamegoma mwaka 1909, wakarudi kazini mapema mwaka 1910 bila chama chao kutambuliwa na wenye kiwanda. Baada ya msiba, jimbo liliunda tume ya uchunguzi, mmoja wa wajumbe wake akiwa Samuel Gompers, kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na sheria nyingi za usalama viwandani zilitokana na kazi ya tume hiyo.

Mkaguzi hufika mara chache, tena mara nyingi kwa taarifa. Mwakilishi wa chama yupo zamu ya usiku. Na kama unahofia kufukuzwa kwa sababu ya uanachama, Mkataba Na. 98 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka mfanyakazi alindwe dhidi ya ubaguzi wa aina hiyo, ingawa nguvu yake hutegemea kama nchi yako imeuridhia na kuuingiza katika sheria zake.

SWALI: Chama chetu kilimtetea mtu aliyekiri kuiba. Huo ndio ulinzi?

JIBU: Inategemea kilitetea nini. Katika kikao cha nidhamu, mwakilishi anayeijua kazi yake hufungua barua ya tuhuma na kuuliza mambo machache ya kuchosha: mtuhumiwa alipewa barua lini, alipata siku ngapi za kujiandaa, ushahidi aliuona, na aliyeiba kiasi kama hicho mwaka jana alipewa adhabu gani. Anaweza kuuliza yote hayo na bado mwizi akafukuzwa kwa haki. Faida ni ya yule wa kesi ijayo, ambaye hakuiba.

Lakini kama mwakilishi alisema uongo, au kama viongozi humkingia kifua mtu kwa sababu ni rafiki yao, hapo una haki ya kuhoji. Chama ni mali ya wanachama. Omba kumbukumbu za kikao cha tawi, omba hesabu za fedha zilizokaguliwa, na uchaguzi ukifika uchukue fomu. Wanaonung'unika mezani ni wengi. Wanaohudhuria mkutano wa tawi mara nyingi hawajazi hata safu mbili za viti.