Kukoroma si kulala fofofo

Mume wangu anakoroma mpaka watoto chumba cha pili wanaamka. Ghafla kimya, kisha anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Akiamka anasema amelala fofofo. (Mama wawili, Mbezi)

Hajalala, dada yangu, na kinachonitisha ni kile kimya. Huu ni ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini (sleep apnea): nyama za koo zimelegea, njia ya hewa imeziba, kifua kinahangaika kuvuta hewa isiyopita, mpaka ubongo umgutushe. Pumzi ikikatika sekunde 10 au zaidi, hiyo inahesabiwa moja. Zikifika 30 kwa saa, hali ni kali. Asubuhi hakumbuki, ndiyo maana anabisha. Usiku wa leo mrekodi kwa simu, kifua kionekane, kisha mwende wote kwa daktari wa masikio, pua na koo mkaulizie kipimo cha usingizi. Usimwache aende peke yake. Atasema "nachoka tu" na atarudi na vitamini. Apimwe na presha. Ugonjwa huu huipandisha.

Hilo si jinamizi?

Hapana, na nimeshalijibu mara nyingi. Kwenye jinamizi viungo ndivyo vinavyogoma, pumzi inapita.

Naendesha daladala. Nasinzia hata kwenye taa za Magomeni, na mke wangu analalamikia mkoromo. Nimenunua vidonge vya usingizi duka la dawa.

Viache leo. Vidonge vya usingizi, kama pombe, huweza kulilegeza koo zaidi na kuuchelewesha ubongo kukuamsha, na ni huko kuamshwa kunakurudishia pumzi. Wewe hukosi usingizi, unakosa hewa. Mwachie mwenzako usukani mpaka upimwe. Najua hesabu ya tajiri haisubiri, lakini nyuma yako kuna watu wamesimama wameshika bomba. Na wenye maduka ya dawa, mnamuuziaje mtu vidonge hivi bila cheti?

Mimi mwembamba, unanihusu?

Unaweza kukuhusu. Unene huongeza hatari, lakini taya dogo au tonsesi kubwa zinatosha.

Nimeandikiwa mashine ya CPAP. Ni oksijeni? Umeme ukikatika je?

Si oksijeni. Ni hewa ya chumbani mwako inayosukumwa kwa shinikizo ili koo lisijifunge, njia ambayo Colin Sullivan na wenzake wa Sydney waliieleza mwaka 1981. Inakusaidia usiku unaoivaa tu. Umeme ukikatika vua barakoa, lala ubavu, inua kichwa. Barakoa ioshe kila siku, maana kwa joto letu jasho na mafuta ya uso huifanya iteleze na kuvujisha hewa. Usiazime ya jirani; shinikizo lake si lako.

Mwanangu wa miaka mitano anakoroma, analala mdomo wazi, anakojoa kitandani. Bibi yake anataka akatwe kimeo.

Mama, nakuomba, asiguswe. Kimeo hakina kosa, na watoto wamepoteza damu na uhai kwa nyembe za mtaani. Kwa umri huu mara nyingi kinachoziba ni tonsesi na nyama za nyuma ya pua, na hospitali huziondoa mtoto akiwa kwenye nusukaputi. Mpeleke wiki hii, na bibi mwende naye akamsikie daktari mwenyewe.